Taa Mpya za Pikapu Yetu

Jumatano, 5 Juni

Leo nusura niue mtu.

Nimeandika, nimesoma nilichoandika. Pale kwenye kona kabla ya daraja. Hakujapambazuka, ukungu mzito kama uji. Naenda polepole — naapa! — miche iko nyuma, viriba vyake vya plastiki vimebanana vizuri, parachichi za kubebesha, zilizounganishwa kwa kikonyo cha mti mwingine, na mapapai kidogo. Mara baiskeli hii hapa. Haikutokea ghafla, ilikuwepo muda wote, ni mimi ambaye sikuiona. Mwanamume anaisukuma, madumu matupu yamening'inia huku na huku. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likaserereka, likazimika. Baiskeli chini. Madumu yanabiringika barabarani, po-po-po, na mimi nimeng'ang'ania usukani kama ndio utakaoniombea msamaha.

Akaja dirishani. Nikajua huyu ananipiga. "Mama, umelala au umekufa?" Nikamwambia sikukuona, baba, samahani, sikukuona kabisa. Akazunguka mbele ya gari, akainama, akaziangalia taa, akarudi. "Ungenionaje? Hizi si taa, hizi ni vibatari!"

Halafu mtu huyohuyo akapanda nyuma akanisaidia kuinua miche iliyolala. Alikuwa na mkwaruzo kwenye goti. Nilitaka kumpeleka zahanati, akakataa, akasema ana haraka ya maji. Akafunga madumu yake akaenda zake. Ukungu ukamla baada ya hatua chache tu. Hapo ndipo nilipolia.

Sokoni niliuza ovyo. Mteja ananiuliza parachichi inazaa baada ya muda gani, mimi namjibu, "Sikukuona."

Nimerudi nyumbani, sina wa kumweleza. Nilijaribu kwa paka wa jirani. Akaondoka kabla sijafika kwenye breki.


Alhamisi, 6 Juni

Duka la vipuri. Nimepita mbele yake miaka yote, nikiwa nimekaa garini namsubiri marehemu mume wangu atoke. Leo nimeingia mwenyewe.

Nikasema nataka balbu za taa kubwa za pikapu, nzuri kuliko zilizopo. Muuzaji akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu nimemficha. "Aliyekutuma amesema za aina gani?" Nikasema nimejituma. Akacheka, akanivutia kigoda.

Akanipangia maboksi matatu kwenye kaunta. Ya kwanza, balbu za kawaida, kama zilizomo sasa. Ya pili, umbo lilelile, pini zilezile tatu, ila mwanga wake unasemekana ni mkali zaidi na unafika mbali. Ya tatu — hapo akashusha sauti, kama anayeonyesha dhahabu — LED. Zina kifeni kidogo nyuma cha kuzipoza. "Mama, ukiwasha hizi, hata mtu anachowaza unakiona!"

Nikauliza mwanga wake ni wa rangi gani. Zinadumu muda gani? Mvua? Vumbi? Akajibu yote. Nikauliza tena baadhi. Alikuwa akijibu huku anapanga mikanda ya feni, na redio inaongea, na watu wanaingia na kutoka, na kila anayeingia anasema, "Habari, mama." Sikununua kitu. Nikamwambia naenda kufikiri.

Kufikiri nini? Nilikwisha kuamua. Nilitaka tu kesho niwe na sababu ya kurudi.


Ijumaa, 7 Juni

Nimechukua LED. Muuzaji kanifungia mwenyewe hapohapo mbele ya duka, ameinua boneti, ameshika tochi kwa meno.

Jioni nimeliegesha gari likitazama ukuta wa stoo ya kitalu, nikawasha. Loo! Ukuta mzima ulikuwa mweupe kama shuka la hospitali. Niliona kila tofali, kila ufa, mjusi aliyesimama katikati ameduwaa. Nikazima, nikawasha tena. Nikazima. Nikawasha. Mtu mzima!

Nikampigia binti yangu nimweleze. Huyu ni wa pekee, anaishi mjini na mume wake na watoto, safari ya kutwa nzima kutoka hapa. Alikuwa anawaogesha watoto. "Mama, nitakupigia." Nikasema sawa, si jambo kubwa, nimenunua taa. "Taa za nini?" Za gari. "Haya mama, baadaye."

Habari ya baiskeli sikumwambia.


Jumamosi, 8 Juni

Aibu ya leo! Kila gari lililokuja mbele yangu lilinimulikia. Nashusha taa — bado wananimulikia. Mwingine kapiga honi ndefu mpaka tumepishana. Mwingine katoa kichwa dirishani na kunitukana tusi ambalo sijalisikia tangu nikiwa shule. Nami nilikuwa nimekaa nyuma ya mwanga wangu najiona malkia.

Kisha ukungu, bondeni. Nikadhani sasa ndio nitaona faida yake. Badala yake mwanga uligonga ukungu ukanirudia usoni. Ukuta! Ukuta mweupe kabisa, kama ule wa stoo, ila huu unatembea nami. Ilibidi nizime taa kubwa niende na zile ndogo za pembeni, kichwa nje ya dirisha, nafuata ukingo wa lami.

Kituo cha mafuta, dereva wa lori alishuka akanijia. Mtu mzima, mpole. "Kumbe ni wewe, mama, unayetembea na jua?" Nikataka ardhi ipasuke. Akanieleza taratibu. Kioo cha taa yangu kilitengenezwa kwa balbu ya aina nyingine, sasa nimeweka hii, mwanga unatawanyika hovyo, mwingi unaenda kwenye macho ya watu na mchache unabaki barabarani. "Unaona karibu sana, ndiyo. Mbali huoni, na unatuzuia na sisi tusione." Akaniambia kuna fundi umeme wa magari, wanamwita Cheche, nyuma ya stendi. Niende kwake kabla sijanunua kitu kingine.

Alipokuwa akiondoka akaniuliza, "Huwa uko peke yako njia hii?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Nilipenda kwamba aliuliza. Sikupenda jibu.


Jumapili, 9 Juni

Binti amepiga. Tulianza vizuri — watoto, kikohozi, mwalimu mpya. Kisha akauliza taa zile vipi, na mimi mdomo wangu huu, nikajikuta nimemwambia habari ya mwenye baiskeli.

Nikasikia anafunga mlango ili watoto wasisikie.

"Mama, uza hilo gari."

Akasema chumba kipo, kitanda kipo, wajukuu wananitaka. Akasema, "Baba angekuwepo asingekuruhusu." Hilo ni kweli, na ndilo lililoniuma. Maana baba yake angekuwepo, hata mimi nisingetaka.


Jumatano, 12 Juni

Sikwenda sokoni. Nimemwagilia. Nimepalilia tuta ambalo halikuwa na magugu. Miche ya wiki iliyopita mizizi imetoboa viriba, inatafuta ardhi.

Sijasema neno na mtu leo. Nimegundua jioni, nilipomwitikia mtangazaji wa redio.


Alhamisi, 13 Juni

Cheche! Mtu gani huyu! Anaongea na nyaya. "Njoo hapa wewe, unajificha wapi, nani kakufunga hivi?" Mimi nilidhani ananiuliza mimi.

Nilimkuta chini ya dashibodi ya teksi, miguu tu ndiyo iko nje. Nikaieleza ile miguu shida yangu. Miguu ikasema ngoja. Nikangoja. Alipotoka ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu bila salamu, akatoa kipimo chake. Akapima betri: nzima. Akapima pale balbu inapochomekwa: umeme nusu! "Unaona? Unaondoka kwenye betri na nguvu zake zote, mpaka ufike hapa umechoka kama mtu aliyekuja kwa miguu." Nyaya kuukuu, na ule waya wa bodi, unaorudisha umeme kwenye betri, umeota kutu. Hivyo hata balbu za zamani, maskini, hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinakula nusu shibe.

Nikamwambia basi nipe balbu zenye wati kubwa, za kuchoma ukungu. Akanitazama juu ya miwani. "Unataka taa au unataka moto?" Wati zikizidi, soketi inayeyuka, nyaya zinaungua, na gari lenyewe nalo. Akasema nichukue boksi la pili. Balbu ya umbo lilelile na wati zilezile, mwanga bora, rangi ya kawaida, si ule weupe wa buluu. Yeye ataweka nyaya mpya na rilei, ile swichi ndogo ya umeme, ili umeme utoke kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Vioo navyo vimekuwa na ukungu wao wa manjano, akavisugua kwa msasa laini na maji mpaka vikang'aa.

Nikarudi dukani kubadilisha. Muuzaji akanuna — zimeshawashwa, mama, nitamuuzia nani? Nikakaa kwenye kigoda changu nikamwambia sina haraka. Kweli sikuwa nayo. Wateja wakaanza kuuliza huyu mama ana nini. Akabadilisha.

Kupima sasa. Cheche alinitaka nirudi na mzigo. Nikarudi na miche nusu gari. Kumbe gari likibeba nyuma, pua inainuka, na taa zinamulika ndege! Akaliegesha mbele ya ukuta wake, akachora mistari kwa chaki, akaniambia nikae kwenye usukani nisicheze. Anakaza skrubu, anarudi nyuma, anakodoa, anakaza.

"Kiti cha pili hukaa nani?"

Nikasema hakai mtu.

"Hakuna abiria kabisa?"

Hakuna.

"Basi tutapima hivyo." Akaendelea na skrubu zake.


Jumamosi, 15 Juni

Naona! Naona barabara yote!

Si weupe wa hospitali, ni mwanga wa njano kidogo, mtulivu, umelala juu ya lami kama mkeka. Naona mashimo kabla hayajaniona. Hakuna aliyenimulikia, hakuna honi, hakuna tusi. Bondeni ukungu ulikuwepo ila niliona ukingo, niliona mstari wa katikati, niliona mbwa tangu mbali akiwa bado anajishauri. Nilipofika kwenye kona ya daraja nilipunguza mwendo kabisa. Hakukuwa na mtu. Nilitaka awepo yule wa baiskeli. Nilitaka nimwone kutoka mbali, nisimame kistaarabu, nimpishe.

Basi kwa nini mgongo ulikuwa umelowa jasho?

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Sasa najua, acha niandike kabla sijajidanganya tena.

Taa zile zilikuwa mbovu siku zote. Cheche alisema zile nyaya zimechoka miaka. Maana yake mume wangu aliendesha njia hii, ukungu huu, na vibatari vilevile, na hatukuwahi kugonga hata kuku. Nilidhani ni ufundi wake. Nilikuwa nasema mbele za watu: mume wangu ana macho ya bundi. Hakuwa na macho ya bundi! Alikuwa na mimi.

"Upande wako?" — ndivyo alivyokuwa akisema. Kila kona, kila daraja, kila palipo na giza. Hageuki, macho mbele. "Upande wako?" Na mimi nimekumbatia chupa ya chai, nachungulia kushoto, namjibu: shwari. Au: mtu. Au: ng'ombe, wengi, subiri. Nilikuwa nasema hata nikiwa nasinzia. Nilidhani ni namna yake ya kunizuia nisilale. Wakati mwingine iliniudhi, nikamwambia kwani wewe huna macho? Akacheka tu. Hakusema, sioni. Hata mara moja hakusema.

Yule wa baiskeli alikuwa kushoto.

Ndiyo hivyo. Nimebadilisha balbu, nyaya, nimesugua vioo, nimepimiwa kwa chaki. Upande ule bado hauna mtu. Na hakuna duka lenye boksi la nne.

Nimelia nikiwa nimeegesha uani, injini inaunguruma. Kisha nikazima, nikashusha viriba. Mapapai yameuzika yote.


Jumapili, 16 Juni

Binti: amepata mnunuzi. Anafanya kazi na mkwe wangu, mtu mwaminifu, anataka pikapu ya shamba. Watakuja Jumamosi asubuhi, yeye na mume wake na huyo mtu. "Na wewe ukusanye vitu vyako kidogokidogo, mama."

Nikasema sawa.

Nikamwambia taa sasa ni nzuri sana. Akasema, "Vizuri, itapandisha bei."


Jumanne, 18 Juni

Nimeosha gari. Ndani, nje, chini ya mazulia. Jirani kachungulia uani: "Una posa?" Nikamwambia ndiyo, ila mimi si bi harusi. Akacheka, hakuelewa, akarudi kwake.

Mchana kapiga simu mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya soko. Wanataka kupanda miti ya matunda kuzunguka uwanja wote, mzigo mzima wa gari. Wazazi na wanafunzi watakuwa wamekusanyika na majembe. Nitaweza kuwafikishia shuleni mapema, kabla jua halijawa kali?

Siku gani? Jumamosi.

Nikasema naweza.

Nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Nimesema ndiyo mara mbili kwa Jumamosi moja.


Alhamisi, 20 Juni

Sijampigia binti. Nimeshika simu asubuhi, nikaweka. Mchana nikashika, nikaweka.

Nimechagua miche ile iliyonyooka, yenye kidonda cha kubebesha kilichopona vizuri. Ile dhaifu nimeitenga. Ya kwenda nimeimwagilia kidogo tu, isiwe mizito kwenye gari. Mikono inajua kazi. Kichwa ndicho hakijui.

Nikihamia mjini nitakuwa na watoto shingoni, kelele, televisheni, mtu wa kuniuliza nimelalaje. Ndicho ninachokililia hapa kila siku! Sasa nataka nini? Kile chumba nakijua. Dirisha linatazama ukuta. Mara ya mwisho nilikaa humo, wote wakaenda kazini na shule, nikabaki nimekaa kitandani na mkoba wangu mapajani, kama mtu anayesubiri daktari. Upweke wa kule hauna hata kitalu.


Ijumaa, 21 Juni

Mzigo umekaa. Maturubai yamefungwa. Nimewasha taa dhidi ya ukuta wa stoo, mstari wa mwanga uko sawasawa hata na mzigo.

Nimemwandikia binti ujumbe: Kesho nina kazi asubuhi, nitachelewa. Akajibu, Kazi gani? Tunaanza safari sasa, tutalala njiani kwa shangazi.

Sikujibu. Mwoga mimi.


Jumamosi, 22 Juni

Naandikia kwenye goti, taa ya ndani ya gari imewaka. Nimeegesha nje kabisa ya lami, kwenye ile sehemu pana baada ya daraja. Ukungu wa leo sijauona maishani. Taa zangu nzuri zinafika mahali zinakoma, kama zimekatwa kwa mkasi. Cheche mwenyewe angesema simama. Nimesimama.

Kumeanza kupambazuka kidogo, weupe tu, bila umbo. Simu imeita. Binti. Nimeitazama ikiita mpaka ikanyamaza.

Kisha mtu kagonga kioo upande wa kushoto! Nusura roho initoke. Mwanamke, umri wangu au mkubwa kidogo, trei za mayai kichwani zimefungwa kwa kanga, nyingine mkononi. Pikipiki iliyombeba imegoma kuendelea, imemshusha na kugeuza. Ameona mwanga wangu kutoka kule juu, ameufuata kwa miguu. Anaenda sokoni. Je, na mimi?

Nimefungua mlango. Kitini kulikuwa na kapu langu na miche ile dhaifu ambayo sikuwa na moyo wa kuitupa. Nimeihamishia miguuni. Ameingia, mayai mapajani, baridi imeingia naye. Ananukia moshi wa kuni. Anaongea! Kuku wake, vifaranga vilivyokufa, dada yake mwenye presha, ukungu, pikipiki, kisha kuku tena. Mimi naitikia na kuandika. Ameniuliza naandika nini. Nimesema hesabu za miche. Akasema, "Andika tu, dada yangu, mimi naangalia njia."

Simu inaita tena. Binti. Watakuwa wamefika nyumbani, wamesimama uani na mnunuzi wao, geti limefungwa.

Mama wa mayai anasema pokea, huenda wanakutafuta. Nimemwambia ndiyo, wananitafuta.

Ameshusha kioo chake, ametoa kichwa nje. Anasema mtaro uko mbali, ukingo anauona, tunaweza kuanza kusogea polepole kama nipo tayari. Simu bado inaita. Nimewasha injini, na sasa ananiuliza, "Upande wako?"